Panya watatu wamekufa chini ya dakika moja baada ya kuchomwa sindano ya chembe za nano za kitosani, ni sumu au nimekosea mimi?

Binti_wa_Magamba

Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada maana hili jambo nimekaa nalo tangu Alhamisi na usingizi sipati vizuri.

Nasoma masta, kazi yangu ni chembe za nano (vipunje vidogo visivyoonekana kwa macho) za kubebea dawa kwa njia ya sindano, nazitengeneza kwa kitosani, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayotoka kwenye magamba ya kamba. Kitosani nimekitengeneza mwenyewe, magamba ya kamba nayachukua soko la samaki Feri, wale mama wanaomenya kamba wananiwekea kwenye kiroba, nikifika nyumbani daladala nzima inajua nimebeba nini. Naosha, natoa chokaa kwa asidi, natoa protini kwa kostiki soda, halafu nachemsha tena kwenye kostiki soda kali mpaka napata unga mweupe, nausuuza na maji ya distili mpaka pH inatulia, naukausha. Baada ya hapo nauyeyusha kwenye asidi ya asetiki asilimia 1, nadondoshea TPP (chumvi ya fosfeti inayokifunga kitosani pamoja) taratibu huku sumaku inazunguka, chembe zinajiunda zenyewe. Mashine inasoma nanomita 180, chaji chanya milivolti 32. Supavaiza kafurahi, na mimi nimefurahi.

Sasa imekuja zamu ya usalama. Panya weupe 20 wa gramu 25 hivi, makundi manne ya watano watano: kontroli wamepewa salaini tupu, wengine 1 mg kwa kilo, wengine 5, wengine 10. Wote 0.2 ml kwenye mshipa wa mkia. Kontroli na hizo dozi mbili za chini nilianza nao wiki tatu nyuma, hakuna aliyekufa, siku ya 14 nikawapasua. Alhamisi ndio nikachoma kundi la 10 mg. Wa kwanza nimetoa tu sindano, karuka juu, kapumua kwa mdomo, katulia. Nikajua bahati mbaya. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu mzima. Wa nne kafa. Nikaacha, mikono inatetemeka.

Supavaiza anasema niandike kwamba kiwango wanachohimili ni 5 mg tusonge mbele. Mimi roho haijakubali. Ni kweli kitosani kina sumu kiasi hicho au kuna kitu nimeharibu?

Mzee_wa_Kijiwe

Mimi kamba nawajua wa kukaanga na limao tu. Navuta kiti, wataalamu wanakuja.

Asili_Tupu

Dada hapo umekosea sindano tu, kitosani ni kitu cha asili kabisa, kinauzwa vidonge vya kupunguza unene na watu wanameza miaka na miaka hawafi. Kingekuwa sumu wangekuwa wameshakipiga marufuku. Panya wako labda wamekufa kwa woga, panya ana moyo mdogo sana.

Vidonge_na_Chupa

@Asili_Tupu kaka, maji ya kisima pia ni ya asili, jichome nayo kwenye mshipa uone. Kidonge kinapita tumboni na sehemu kubwa kinatoka kama kilivyoingia, sindano ya mshipa haina tumbo wala ini la kupitia kwanza, inakwenda moyoni na mapafuni moja kwa moja ndani ya sekunde chache. Halafu hiyo hiyo kitosani ndiyo inayowekwa kwenye bandeji za kuzuia damu, jeshi la Marekani walizitumia Iraq na Afghanistan. Inafanya kazi kwa sababu ina chaji chanya na seli nyekundu na chembe sahani za damu zina chaji hasi, vinavutana vinashikana vinakuwa gundi. Kwenye jeraha la paja hiyo ni neema. Ndani ya mshipa ni balaa.

Dada mwenye mada nitarudi kwako, lakini kwanza nijibu: hizo chembe za Alhamisi ulizizimua na nini na zilikaa muda gani kabla ya kuchoma?

Dokta_wa_Ng'ombe

Pole sana mwanangu. Mimi ni wa mifugo lakini panya nimewachoma sana enzi zangu, nina mambo mawili.

Moja, 0.2 ml kwa panya wa gramu 25 ni ml 8 kwa kilo. Kwa sindano ya kusukuma mara moja kwenye mshipa tulikuwa tunashika ml 5 kwa kilo, yaani huyo wako asizidi 0.125. Panya mzima ana damu kama ml 2 tu, ukimwongezea 0.2 kwa mkupuo ni kama umemwongezea sehemu ya kumi ya damu yote. Ulisukuma kwa muda gani? Kama ni sekunde mbili basi hata salaini inaweza kumtikisa, ingawa kumuua kwa namna ulivyoeleza sidhani.

Pili na ndilo kubwa, wale waliokufa uliwapasua? Mapafu yalikuwaje? Usiniambie umewatupa.

Binti_wa_Magamba

Dokta shikamoo. Sijawatupa, niliwapasua siku hiyo hiyo, mapafu nimeyaweka kwenye fomalini. Yalikuwa na madoa mekundu meusi meusi, sio ya waridi kama ya yule aliyepona niliyemlaza baadaye. Moyo upande wa kulia ulikuwa umejaa umevimba. Kusukuma sikuhesabu ila haraka, nikiwa naogopa mshipa usinitoroke.

@Vidonge_na_Chupa hapo umenigusa. Dozi ndogo na ya kati nilizimua kwa PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) asubuhi nikachoma hapo hapo. Ya Alhamisi ilikuwa nizimue asubuhi lakini tuliambiwa umeme utakatika, nikazimua Jumatano jioni kwa PBS nikaweka friji. Asubuhi nikatikisa nikaona imekuwa kama tui la nazi lililokatika kidogo, nyuzi nyuzi nyeupe zinaelea, nikitikisa zinapotea. Nikadhani ni baridi tu.

Vidonge_na_Chupa

Tui lililokatika. Basi jibu umelitoa mwenyewe hapo dada, mengine ni maelezo tu.

Kitosani kinakaa kwenye maji kwa sababu ya asidi. Ikishapanda pH juu ya 6.5 hivi chaji yake inaisha na kinaanza kudondoka. PBS ni 7.4. Juu ya hapo PBS imejaa fosfeti na chumvi, zinafunika chaji iliyobaki, zile chembe zilizokuwa zinasukumana sasa zinagusana zinashikana. Mashine yako ilikusomea 180 kwenye maji yenye siki, sio kwenye kitu ulichochoma. Mishipa midogo ya mapafu upana wake ni mikromita chache tu, seli nyekundu zenyewe zinapita kwa kujikunja, sasa bonge lolote la kuanzia mikromita 5 linakwama hapo, na ulichokiona kwa macho ni kikubwa kuliko hivyo mara nyingi sana. Mapafu yameziba, moyo wa kulia unasukuma ukuta, panya anaruka anakufa. Hiyo tunaiita sumu kwenye makaratasi lakini kwa kweli umewapiga vidonge vya gundi.

Sasa usikimbilie kusema "basi kitosani ni salama, ni mabonge tu". Hujui. Hata hizo 1 na 5 ulizozimua asubuhi hujui zilikuwa na ukubwa gani zinaingia mshipani. Kwa hiyo mpaka sasa data yako ya panya 20 haisemi kitu kuhusu chembe za nanomita 180, inasema kuhusu kitu usichokipima.

Kabla ya kugusa panya mwingine fanya haya kwenye tyubu. Changanya chembe na PBS, na tyubu nyingine na seramu ya panya, weka nyuzi 37, pima ukubwa dakika 0, 15, saa 1, saa 24. Kama kwenye seramu zinavimba kuwa mikroni (yaani mikromita), acha kabisa mshipa. Halafu jaribio la kupasuka kwa seli nyekundu: damu mbichi yenye kizuia kuganda, osha seli, changanya na chembe kwa viwango tofauti, saa 3 nyuzi 37, zungusha, soma maji ya juu kwa mwanga wa nanomita 540. Triton (sabuni inayopasua seli zote) ndiyo asilimia 100 yako, salaini ndiyo sifuri. Chini ya asilimia 2 upo vizuri, ikizidi 5 una shida. Ila angalia kitu kimoja ambacho kimeniliza mimi mwenyewe: chembe zenye chaji zinaweza kuinyonya ile hemoglobini iliyotoka zikashuka nayo chini, maji ya juu yanaonekana masafi unafurahi, kumbe chini kuna tope jekundu. Angalia tope kwa macho.

Na kontroli yako ya salaini tupu haitoshi. Unahitaji kundi linalopewa kibebeo kile kile, asidi ile ile, TPP ile ile, pH ile ile, bila chembe. Kuna dawa ya saratani paklitakseli, kwa miaka wagonjwa walikuwa wanapata mzio mkali, na mkosaji mkubwa alikuwa yale mafuta ya Cremophor iliyoyeyushiwa. Walipoitoa kwenye Cremophor wakaifunga kwenye chembe za albumini za nanomita kama 130, ikapitishwa Marekani 2005 kwa jina la Abraxane. Albumini ni polima ya kibayolojia vile vile, inachomwa mshipani kila siku duniani. Kwa hiyo polima ya asili mshipani sio ndoto, ila kibebeo kinaweza kukuua au kukuokoa.

Asili_Tupu

Sawa nimeelewa, nilikuwa nasema tu.

Mtu_wa_Kabete

Habari zenu kutoka Nairobi. Nimesoma yote na nakubaliana na huyo wa vidonge, lakini kuna kitu hamjagusa. Dadangu, kwa propozo yako uliandika unafuata gani? Nashuku uliandika OECD 423 ama 425, ile miongozo ya kimataifa ya kupima sumu kwa wanyama, kwa sababu kila mtu huku anaandika hivyo, hata mimi niliandika. Hizo zote ni za mdomo. Zimeandikwa kwa kitu kinamezwa. Kamati ya maadili ilinirudishia kazi yangu mara mbili juu ya hiyo, nikakasirika vibaya, baadaye nikaona walikuwa na haki. Ya sindano unaweza kuazima ile mbinu ya ngazi, mnyama mmoja kwanza, unangoja, ndio unaenda kwa wa pili, lakini useme wazi ni ya kuazima na dozi zako zimetoka wapi.

Na hapo ndipo naona kosa kubwa kuliko PBS, samahani nikiwa mkali. Panya wa kwanza alikufa kwa sekunde, ukachoma wa pili. Akakufa, ukachoma wa tatu. Mbona? Kwa itifaki yangu imeandikwa mmoja akianguka kabla ya dakika 30 tunasimama, tunampasua, tunaangalia dawa kwa taa. Ungesimama kwa wa kwanza ungeokoa wawili na ungeona hiyo tui yako mapema. Hizo R tatu za Russell na Burch (tumia mbadala wa mnyama, punguza idadi, punguza mateso) ni za 1959, si kitu kipya.

Binti_wa_Magamba

Umesema kweli kaka na imeniuma lakini ni haki. Ni 423 niliyoandika. Nilidhani wa kwanza nimemchoma hewa.

Ngoja niulize na hili kabla sijasahau, kundi la 5 mg siku ya 14 bandama zao zilikuwa kubwa, nikipima kwa uzito wa mwili ni karibu mara mbili ya kontroli. ALT na AST (vipimo vya ini) kawaida, kreatinini (ya figo) kawaida, uzito wanaongezeka, wanakula. Supavaiza anasema bandama sio kitu kwa sababu damu iko sawa.

Dokta_wa_Ng'ombe

Bandama mara mbili sio kitu? Hapana. Mwanangu ikate, ipake rangi za hematoksilini na eosini, ikae kwenye slaidi ndio tuseme. Chembe nyingi za ukubwa huo zikiingia damuni zinaliwa na makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) wa ini na bandama, hiyo ndiyo njia yake, kwa hiyo kuongezeka kidogo tunategemea. Mara mbili ina maana ama zimejazana na haziyeyuki ama kuna moto unawaka, kinga imeamshwa. Bila slaidi hatujui. ALT inapanda seli za ini zikifa, haikuambii chochote kuhusu bandama. Na kama hukuacha wanyama wa kupumzika, yaani waliopewa kisha wakaachwa wiki nne zaidi ndio wapasuliwe, hutajua kama inarudi kawaida au inabaki hivyo.

Vidonge_na_Chupa

Timu ya nano ya Pretoria aliyokuwa anaiongoza Profesa Hulda Swai, Mtanzania mwenzetu kabla hajarudi Arusha, walitoa kazi 2010 ya chembe za PLGA (polima nyingine inayoyeyuka mwilini) kwa panya wa aina ya Balb/C kwa njia ya mdomo, na baada ya siku 7 karibu asilimia 40 ya chembe zilizopatikana zilikuwa kwenye ini. Hiyo ni kwa mdomo. Kwa hiyo kuangalia zimekwenda wapi sio anasa, weka rangi ya kung'aa kwenye kitosani ufuatilie kiungo kwa kiungo.

Ila mimi kwenye bandama nashuku kitu kingine. Endotoksini, yaani sumu ya ganda la bakteria inayoleta homa. Dada, yale maji ya distili ya kusuuzia unayatoa wapi?

Binti_wa_Magamba

Kuna ndoo kubwa ya plastiki ya bomba labu, inajazwa kwenye mashine ya distili kila Jumatatu. Ina utelezi kidogo kwa ndani, ila nimeshawahi kuzichemsha chembe kwenye otoklevu (mashine ya mvuke wa presha) ikaharibu, kwa hiyo nachuja.

Vidonge_na_Chupa

Utelezi! Huo utelezi ni bakteria wamejenga mtaa. Kostiki soda ya moto iliua na kuvunja endotoksini yote ya kwenye magamba ya Feri, ulikuwa na kitosani safi kabisa, halafu ukakisuuza kwenye supu ya bakteria ukakirudishia. Na kwa kuwa kina chaji chanya na endotoksini ina chaji hasi, kinaidaka kama sumaku. Chujio la 0.22 linazuia bakteria, endotoksini inapita. Otoklevu inaua bakteria, endotoksini inabaki. Vyombo vya kioo weka oveni kavu nyuzi 250 nusu saa, maji nunua ya sindano yale ya famasi, yale ya chupa ndogo.

Kupima endotoksini kuna kipimo cha LAL, inatoka kwenye damu ya bluu ya yule mnyama wa bahari wa pwani ya Marekani anayefanana na kaa aliyefunikwa sufuria. Kikomo cha sindano ya mshipa ni yuniti 5 kwa kilo kwa saa. Ila kitosani kinaharibu kipimo chenyewe, kinaishika endotoksini kipimo kinasoma sifuri, kwa hiyo lazima uongeze kiasi unachokijua uone unarudishiwa kiasi gani, ikirudi kati ya asilimia 50 na 200 ndio uamini.

Dokta_wa_Ng'ombe

Au atumie sungura, amchome kisha ampime joto kama atapata homa. Kit ya LAL ni bei na lazima isafiri kwenye baridi, ikifika uwanja wa ndege ikakaa forodha siku nne imeshakwisha. Sungura tunaye.

Mtu_wa_Kabete

Dokta hapo tutabishana. Panya tatu wameshakufa kwa ajili ya PBS, sasa tuongeze sungura juu ya ndoo chafu? Abadilishe maji kwanza, hiyo ni bure. Sungura awe wa mwisho, wakati bidhaa iko tayari.

Dokta_wa_Ng'ombe

Kubadilisha maji nakubali. Lakini sungura anamwakilisha binadamu kwenye homa kuliko panya, hilo hulipingi. Panya anahimili endotoksini maelfu ya mara kuliko sisi. Panya wake wa 1 mg waliokaa wazima wiki mbili hawamwambii kitu, mtu angechomwa kile kile angetetemeka kitanda kizima. Na akihesabu dozi ya mtu kwa eneo la ngozi agawanye ya panya kwa 12.3, ile 10 ya panya ni kama 0.8 kwa kilo kwa binadamu, sio 10.

Mzee_wa_Kijiwe

Kumbe ndoo. Nimekaa hapa masaa mawili kumbe ni ndoo.

Binti_wa_Magamba

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita, samahanini kwa ukimya.

Tyubu nimefanya. Kwenye PBS dakika 15 ukubwa umefika nanomita 900, saa 24 mashine imekataa kusoma kabisa, imezama chini. Kwenye dekstrozi asilimia 5 zinabaki 190 mpaka 200 siku nzima. Kwenye seramu lakini nyuzi 37 zinapanda mpaka mikroni 1.4 ndani ya saa, kwa hiyo hata dekstrozi haitaniokoa zikishafika damuni. Seli nyekundu kwenye dozi ya juu zimepasuka asilimia 7, na kweli kaka tope lilikuwa jekundu, hiyo 7 yenyewe nadhani ni ndogo kuliko ukweli.

Slaidi za mapafu zimetoka. Mishipa imeziba na kitu cha waridi kisicho na umbo pamoja na seli nyekundu zilizogandamana. Nilimwonyesha supavaiza akakaa kimya muda mrefu halafu akasema ile sentensi ya 5 mg tuifute. Bandama bado ipo foleni ya kukatwa.

Ndoo nimeiosha, nimeipindua juani, na nimenunua maji ya sindano. Kamati nimewaandikia mwenyewe nikaeleza wale wawili wa ziada. Sasa nafikiria kuzivika alginati (polima ya mwani yenye chaji hasi) juu ili chaji igeuke hasi, au niachane na mshipa nichome chini ya ngozi. Nyie mngeanza na lipi?

Vidonge_na_Chupa

Alginati, tyubu kwanza, seramu ya nyuzi 37 tena. Mkia wa panya usiuguse mpaka saa 24 zikae chini ya 300. Chini ya ngozi ni kazi nyingine kabisa, utaanza upya na uvimbe wa eneo la sindano, usiichukulie kama njia ya mkato.

Dokta_wa_Ng'ombe

Na ukifika kwenye mkia, uweke kwenye maji ya vuguvugu kwanza mshipa ufunguke, sindano geji 27 au ndogo zaidi, hesabu polepole mpaka kumi huku unasukuma. Na kabla ya yote inua bomba uliangalie kwenye mwanga.

Mzee_wa_Kijiwe

Tuwekee picha ya bandama ikitoka. Kiti sijakirudisha.